Kuosha na Kupaka Nta Trela ya Kusafiria: Anzia Juu ya Paa

Trela ya kusafiria, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari na ambayo ndani yake mna vitanda, jiko na choo, kwa nje huonekana imara, lakini ukiifungua utakuta fremu nyepesi za mbao au alumini zilizovishwa ngozi nyembamba na kuunganishwa pembeni kwa skrubu, vipande vya alumini na gundi ya kuzibia. Kinachoiua trela mapema ni maji yanayopenya kwenye maungio hayo. Yakishaingia nyuma ya ukuta, plaiwudi huvimba na kuoza, ngozi ya nje huachana nayo na kufanya malengelenge, na gharama ya kurekebisha ukuta mmoja inaweza kuzidi thamani ya trela yenyewe ikiwa ni kuukuu. Kwa hiyo mwongozo huu unauchukulia uoshaji kuwa ukaguzi kwanza na usafi baadaye, kwa kuwa ndiyo kazi pekee inayomlazimu mwenye trela kupitisha mkono wake kila mahali, kuanzia juu hadi chini.

Nimewalenga hasa wasomaji wanaoishi Marekani na Kanada, ambako trela hizi ni nyingi na ambako familia nyingi hununua zilizokwisha kutumika. Sehemu kubwa ya trela za Marekani huundwa katika mji wa Elkhart na viunga vyake, jimboni Indiana, na zinapofika mikononi mwa mnunuzi wa pili au wa tatu huwa zimekwisha kupigwa na jua la miaka kadhaa, theluji, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi.

Kabla ya kununua sabuni au nta yoyote, tambua ngozi ya trela yako. Kuna kuta za faibaglasi, ambazo ni laini na bapa, zenye utando wa juu uitwao jelikoti unaong'aa ukiwa mpya. Kuna kuta za mabati ya alumini yenye migongo, yaliyopakwa rangi kiwandani. Kuna pia trela za alumini inayometameta, ambazo mfano wake unaojulikana zaidi ni Airstream, kampuni iliyoanzishwa na Wally Byam katika miaka ya 1930, na hizo za siku hizi zimefunikwa kwa vanishi isiyo na rangi. Paa nalo lina tabia zake: mengi ni ya mpira wa EPDM, mengine ya plastiki laini ya TPO au PVC, na machache ya faibaglasi au alumini. Kitabu cha trela kitakueleza. Ikiwa kimepotea, angalia ukingo wa tundu la hewa la paani baada ya kuondoa fremu yake ya ndani, kwa maana hapo ndipo paa lilipokatwa, na EPDM huwa nyeupe au ya kijivu kwa juu na nyeusi upande wa chini.

Tofauti hizi ndizo zitakazoamua utumie nini. Dawa za kusafishia zenye mafuta ya petroli, au zile zilizotengenezwa kwa maganda ya machungwa, huharibu mpira wa EPDM kwa kuuvimbisha na kuutenganisha na plaiwudi iliyo chini yake, ingawa dawa hizohizo huweza kutumika bila madhara kwenye ukuta wa faibaglasi.

Chagua siku ya mawingu au mahali penye kivuli, na ushike ukuta kwa kiganja. Ukiwa wa moto, subiri, kwa sababu sabuni itakauka kabla hujaisuuza na nta itaganda kabla hujaifuta. Jambo la mahali nalo si dogo. Katika miji mingi ya Amerika Kaskazini mifereji ya mvua ya barabarani humwaga maji moja kwa moja mitoni bila kusafishwa, na halmashauri nyingi zinakataza maji ya sabuni kuingia humo. Ukiweza, osha juu ya nyasi au changarawe ili maji yazame ardhini. Kambi nyingi za trela pia haziruhusu kuosha, kwa hiyo muulize msimamizi kabla ya kufungua bomba.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Tafuta ndoo mbili, sabuni ya kuoshea magari isiyo kali, brashi yenye nyuzi laini sana na mpini mrefu, glovu au taulo za maikrofaiba, mpira wa maji wenye kichwa cha kunyunyizia, na ngazi isiyoyumba. Ndoo ya kwanza ni ya sabuni, na ya pili ni ya maji matupu ya kusuuzia glovu kila baada ya kusugua kipande kimoja, ili mchanga ubaki humo badala ya kurudi ukutani. Sabuni ya vyombo iache jikoni, kwa kuwa imeundwa kukata mafuta na itaondoa nta yote iliyobaki. Ikiwa umekusudia kuondoa nta ya zamani ili upake mpya, hapo inaweza kutumika mara moja, ila isigeuzwe kuwa desturi.

Mashine ya kuoshea kwa presha ndiyo kifaa ninachokishuku kuliko vyote. Wenye nayo huipenda kwa kasi yake, lakini mkondo wake mwembamba hufumua gundi ya maungio, hung'oa stika, na husukuma maji chini ya fremu za madirisha ambako mvua ya kawaida isingefika. Asiyeweza kuiacha atumie kichwa kinachotawanya maji kwa upana, asimame mbali, asielekeze maji kwenye maungio, na asiitumie kabisa paani. Mpira wa kawaida wa maji na dakika chache zaidi vinatosha.

Chomoa waya wa umeme wa nje. Funga madirisha na matundu ya hewa ya paani. Matundu ya friji, ya hita ya maji na ya tanuru la kupashia joto yako ukutani, na vibao vyake vya mshazari vimewekwa ili kuzuia maji yanayoanguka kutoka juu. Kwa hiyo maji yako nayo yaanguke kutoka juu, wala usisimame chini ukanyunyizia kuelekea juu, kwa sababu hapo utakuwa umeyapitisha katikati ya vibao hadi kwenye vichomeo vya gesi na nyaya.

Sasa panda paani, au tuseme fikia paa, kwa maana si kila paa linastahimili uzito wa mtu. Kitabu cha trela kikisema halikanyagwi, fanya kazi ukiwa juu ya ngazi kando ya trela, ukiihamisha hatua kwa hatua. Likiwa linakanyagwa, tandika kipande cha plaiwudi kinachovuka mihimili zaidi ya mmoja, piga magoti juu yake, na ufanye kazi ukirudi nyuma kuelekea kwenye ngazi. Mpira uliolowa sabuni huteleza sana, na kutoka hapo hadi ardhini ni zaidi ya mita tatu. Usiifanye kazi hii ukiwa peke yako.

Kabla ya kumwaga maji, fagia majani na mchanga, kisha uchunguze paa likiwa kavu. Gundi ya kuzibia imepakwa kuzunguka kila kitu kilichotobolewa humo: matundu ya hewa, bomba la hewa la tangi la maji machafu, antena, kiyoyozi, na mstari wa mbele na wa nyuma ambako paa linakutana na kuta. Tafuta nyufa nyembamba kama unywele, sehemu zilizobanduka pembezoni, na matundu madogo yaliyoachwa na mapovu. Bonyeza kwa kiganja karibu na pembe. Mahali panapobonyea kuliko pengine pana plaiwudi iliyolowa. Baadhi ya watengenezaji huagiza ukaguzi huu ufanyike kila baada ya siku 90, na kwa trela inayokaa nje mwaka mzima sioni kuwa wamezidisha.

Ukiona ufa, usiendelee kuosha. Safisha mahali hapo, pakauke, kisha ongeza gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya paa lako. Kwa sehemu za bapa kuna gundi inayojisambaza yenyewe, ambayo Dicor ni jina lake linalojulikana zaidi madukani. Silikoni ya kawaida, ile inayotumika kuzibia sinki na madirisha ya nyumba, haishiki vizuri kwenye mpira wa EPDM, na ubaya wake mkubwa huonekana baadaye, kwa kuwa mahali ilipowahi kupakwa hapakubali gundi nyingine bila kukwanguliwa kwa taabu. Gundi mpya iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, hata kama uoshaji utaahirishwa hadi wiki ijayo.

Paa likiwa salama, lioshe kwa sabuni laini na brashi, kipande kimoja kwa wakati, na ulisuuze kwa maji mengi. Ikiwa ni EPDM, maji yatakayoteremka yatakuwa meupe kama maziwa, kwa sababu mpira huo hujichubua kidogo kidogo na kutoa unga kadiri unavyozeeka. Unga huo, ukichanganyika na vumbi na masizi ya barabarani, ndio unaochora michirizi inayoonekana kwenye kuta chini ya ncha za mifereji ya paa, na hii ndiyo sababu anayeosha kuta kabla ya paa hulazimika kuziosha tena. Mtu mwingine abaki chini akizilowesha kuta muda wote unaposuuza juu, ili maji machafu yapite bila kukaukia njiani.

Turubai la kivuli nalo huja kabla ya kuta, kwa kuwa uchafu wake hudondokea ukutani. Likunjue lote, lioshe pande zote mbili kwa sabuni laini, lisuuze, kisha uliache wazi mpaka likauke kabisa. Likikunjwa likiwa na unyevu litaota kuvu ambayo madoa yake hayatoki kwa urahisi. Ikiwa trela ina vyumba vinavyosukumwa nje ya ukuta ili kuongeza nafasi, vitoe, safisha mapaa yake madogo, na ufute mipira ya pembeni kwa kitambaa chenye maji.

Kuta huoshwa kutoka juu kwenda chini, kipande cha upana wa mita moja au mbili, na kila kipande kisuuzwe kabla ya kuhamia kingine. Usisugue kwa nguvu, ni afadhali kurudia. Kwenye alumini inayometameta mkono uende kwa kufuata mistari ya chuma yenyewe, usizungushe, kwa sababu mikwaruzo ya duara huonekana jua linapopiga. Mbele ya trela huwa pamejaa wadudu waliokaukia hapo kwa mwendo wa barabara kuu. Walaze chini ya taulo lililolowa kwa dakika kumi, watatoka bila kusuguliwa. Lami iondolewe kwa dawa yake maalumu, kwa tone dogo kwenye kitambaa, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana, na dawa hiyo isifike kwenye mpira wa paa.

Michirizi meusi isiyotoka kwa sabuni ina dawa zake madukani, na nyingi zinafanya kazi vizuri. Kinachosahaulika ni kwamba dawa hizo huondoa nta pamoja na uchafu, kwa hiyo popote ulipozitumia patakuwa uchi mpaka upake nta tena. Jihadhari pia na vile vifutio vyeupe vya sponji vinavyouzwa kwa kuondoa madoa ukutani nyumbani. Sponji hiyo inasugua kama msasa laini sana. Itaondoa mchirizi, lakini itaacha kiraka kilichofifia mahali pake.

Kausha kwa taulo mara tu unapomaliza kusuuza upande mmoja. Katika majimbo kama Arizona na Texas, ambako sehemu nyingi zina maji yenye chokaa nyingi, matone yakiachwa yakaukie ukutani huacha madoa meupe. Madoa hayo yakiwa mapya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ukipaka, ukafuta na kusuuza papo hapo, lakini siki isitumiwe kwenye alumini isiyo na rangi wala vanishi. Magurudumu na chesisi vioshwe kwa maji mengi, hasa kwa aliyepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, bila kuelekeza maji kwenye bakuli za beringi wala kwenye nyaya za breki.

Halafu ingia ndani ukiwa na tochi. Fungua makabati yaliyo kwenye pembe, pitisha mkono juu ya dari kuzunguka matundu ya hewa, chini ya madirisha, na nyuma ya kitanda cha mbele. Unyevu utakaoukuta hapo umekuja na maji uliyoyamwaga saa moja iliyopita, na mahali ulipopita ungali unakumbuka. Nta isubiri mpaka mahali maji yalipopenyea papatikane na kuzibwa.

Kabla ya kufungua kopo la nta, sugua ukuta mkavu kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na unga mweupe, uso wa jelikoti umekwisha kuchomwa na jua, na nta pekee haitaurudisha. Itauficha kwa wiki chache kisha ufifie tena. Unga huo unapaswa kuondolewa kwa polishi yenye chembechembe za kukata. Mashine ya kung'arishia inayozunguka huku ikitikisika ndiyo salama kwa asiye fundi, kwa kuwa ile inayozunguka tu hupasha joto mahali pamoja na kuunguza uso haraka. Anza na polishi laini kuliko zote, kwenye eneo la nusu mita kwa nusu mita mahali pasipoonekana sana, kwa mwendo wa taratibu na bila kukandamiza. Ikitosha, usipande daraja. Jelikoti haifiki unene wa milimita moja, na kila unachokikata hakirudi. Bandika utepe wa karatasi juu ya stika, fremu za madirisha na kingo zote kali, kwa maana hapo ndipo mashine inapokula zaidi.

Kuta za mabati yenye rangi hazifai kuguswa na mashine. Migongo ya bati hukutana na pedi kabla ya mabonde, na rangi ya kiwandani ni nyembamba kiasi kwamba pasi chache tu huifikia alumini. Hapo tumia mkono, kitambaa, na polishi laini, na ukubali kung'aa kwa kadiri. Kwa Airstream yenye vanishi iliyoanza kubanduka, polishi haisaidii kitu. Kazi ya kuivua na kuipaka upya ni ya fundi.

Kuhusu nta yenyewe, zipo za aina tatu zinazostahili kufikiriwa. Ya kwanza ni karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Hutoa mng'ao mzuri lakini kwenye jua kali hudumu miezi michache tu. Ya pili ni ya polima, iliyotengenezwa viwandani, yenye mng'ao wa kawaida na maisha marefu zaidi. Ya tatu ni dawa za kauri, zinazoweza kupita mwaka mmoja, ila zinadai uso uliosafishwa na kupigwa polishi bila dosari, kwani chochote kilichobaki chini yake kitabaki hapo. Kwa familia inayoosha trela yake yenyewe ningechagua ya polima. Kuta za trela ya mita nane zina ukubwa wa takriban mita za mraba 40, na si wengi watakaorudia kazi hiyo kila baada ya miezi miwili kwa ajili ya mng'ao.

Paka nta kwa pedi yenye unyevu kidogo, eneo la sentimita 60 kwa 60, kwa tabaka jembamba ambalo macho hayalioni vizuri. Nta nene haikingi zaidi, inamchosha tu anayeifuta. Ikishafanya ukungu, futa kwa taulo safi ya maikrofaiba, uigeuze, ufute tena, ndipo uhamie eneo la pili. Usipake ukuta mzima kwanza kwa matumaini ya kufuta baadaye, kwa sababu mwanzo utakuwa umekauka kabla hujafika mwisho. Usipake kwenye plastiki nyeusi zenye mikunjo, wala kwenye mipira ya milango, kwani itaacha madoa meupe yanayong'ang'ania. Paa la EPDM halipakwi nta ya magari kabisa: ina viyeyusho visivyoufaa mpira huo, na italifanya liteleze kwa atakayepanda baadaye. Ongeza tabaka jingine upande wa mbele na ule unaotazama kusini pale unapoiegesha, kwa maana katika Amerika Kaskazini jua hukaa upande huo na ndio unaochakaa kwanza.

Mara mbili kwa mwaka zinatosha kwa walio wengi, moja majira ya kuchipua kabla ya safari, na nyingine kabla ya baridi kali, wakati ukuta ungali na joto la kutosha nta kushika. Baada ya hapo, ukitaka kuifunika trela wakati wa baridi, tumia kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa na ukikaze vizuri. Turubai la plastiki la kawaida huzuia unyevu usitoke, na linapopigwa na upepo husugua pembe usiku kucha mpaka liondoe nta na kuikwaruza jelikoti iliyo chini yake.